Mshenga Ndani ya Chumba cha Picha

Tangu nistaafu, simu yangu haijapumzika. Brian amepiga kuuliza ufunguo wa kabati la aproni za risasi, zile nzito za kuzuia miale, uko wapi. Uko juu ya kabati, Brian, mahali ulipokuwa siku zote ulizofanya kazi na mimi. Faith naye anauliza kwa nini picha zake zinatoka na ukanda mweusi juu ya meno ya juu. Ni kwa sababu hukumwambia mgonjwa abandike ulimi kwenye kaakaa, mama. Ulimi ukilala chini, hewa inakaa pale, na hewa kwenye picha ni nyeusi. Maswali haya yananikuta shambani Nyacheki na kikapu cha majani chai mgongoni, nami siwezi kuchuna huku nimeshika simu. Kwa hiyo nimeonelea niwaandikie yote mara moja, mniachie chai yangu.

Vyeo nilivyopata na vile nilivyokosa sitavitaja. Havijawahi kumsaidia mgonjwa yeyote. Nitawaambia kuhusu kazi, maana kazi yenyewe niliipenda na niliijua. Kujishusha nilikojifunza kanisani kunatosha, sina haja ya kujishusha na hapa pia.

Siku yangu ya kwanza katika kitengo cha meno sikumwona mgonjwa hata mmoja. Niliingizwa kwenye chumba cha giza na Bwana Makori, fundi wa eksirei mrefu, mkavu, ambaye hakuwa na tabia ya kusalimia watu kabla ya saa ya chai. Wakati huo picha ilikuwa filamu kweli. Ile ya meno ilikuwa ndogo, ingeweza kujificha kwenye kiganja cha mtoto. Unaifungua gizani, unaibana kwa kibanio, unaizamisha kwenye dawa ya kwanza, unaisuuza, unaizamisha kwenye ya pili, na muda wote huo unahesabu kichwani kwa sababu saa ya ukutani imekufa na hakuna aliyeona haja ya kuifufua. Nilirudi nyumbani Nyanchwa nikinuka siki. Mume wangu akaniuliza kama nimeajiriwa hospitalini au kwenye kiwanda cha achari.

Filamu yangu ya kwanza ilipokauka, Bwana Makori aliishika mbele ya taa.

"Umeona nini?"

"Jino limeoza," nikasema, nikijivuna.

"Hilo hata mgonjwa analijua. Amekuja nalo kutoka nyumbani. Mimi nakuuliza umeona nini."

Akaweka kidole gumba chake juu ya lile jino bovu, akalifunika lote. "Sasa soma."

Hicho ndicho kitu kikubwa nilichofundishwa katika maisha yangu ya kazi, na nyinyi nimewafundisha mpaka mkanichoka. Jino linalouma hupiga kelele, na jicho lako litalikimbilia hilo hilo. Lifunike. Anza kwenye pembe za picha. Fuata ukingo wa chini wa taya uone kama ule mstari mweupe umekatika. Fuata mfereji wa mshipa wa fahamu. Tazama mizizi ya meno jirani, yale ambayo hayajalalamika. Ukimaliza, ondoa kidole, na lile jino bovu utalikuta palepale, halijaenda popote.

Kazi ya filamu ndogo ilikuwa kazi ya vidole. Nilikuwa nautia mkono mdomoni mwa mtu, naipanga filamu nyuma ya jino, kisha namwambia aishikilie kwa kidole chake mwenyewe mpaka nimalize. Nimetia vidole kwenye midomo ya wachungaji, ya wauza ndizi wa Nyamache, ya walimu wakuu walionichapa shuleni. Hao wa mwisho niliwashughulikia kwa upole wa pekee, wakawa na wasiwasi zaidi.

Na hapa ndipo nilipokutana na jambo ambalo hakuna chuo kinachofundisha. Sisi Wakisii tuna ensoni. Mgeni akisikia neno hilo hudhani ni aibu tu, lakini ni zaidi ya hapo. Ni heshima yenye mipaka. Kuna watu ambao hulali chumba kimoja nao, huwaoni wakivaa, huwagusi ovyo, wala huketi nao ukitafuna mdomo wazi: baba mkwe na mke wa mwanawe, mkwe wa kiume na mama wa mkewe. Kwenye foleni yetu ungemkuta mzee amesindikizwa na mke wa mwanawe. Ukimwambia mzee huyo afungue mdomo mbele yake, ataapa jino limepona. Nilijifunza kumtuma yule mama akanunue mandazi kwanza. Akirudi tumeshamaliza, na mzee anafuta midomo kwa heshima zake zote.

Nimesema nitawaandikia na kesi ngumu. Basi, kuna mtoto aliyeletwa na mama yake kutoka kule chini, upande wa joto kuelekea ziwani. Shavu limevimba, na meno yanacheza. Jirani alikuwa amemwambia yule mama kwamba mtoto amefika umri wa kung'oka meno, kwa nini asumbue madaktari. Lakini yalikuwa yanacheza mengi kwa wakati mmoja, na mengine ya nyuma ambayo siku zake hazijafika. Kwenye filamu, ule mstari mwembamba mweupe unaozunguka kila mzizi haukuwepo. Meno yalikuwa yananing'inia hewani, hayajashikwa na kitu. Bwana Makori aliitazama, akatoka mbio kumwita daktari, na Bwana Makori hakuwa mtu wa kukimbia. Ilikuwa saratani ya watoto, ile inayokwenda kasi sana lakini pia inayosikia dawa haraka. Alirudi kwetu baadaye shavu limeshuka kabisa, akakataa kufungua mdomo, na nilipojaribu akaniuma kidole. Sijawahi kufurahia kuumwa kama siku ile.

Wengine hawakurudi. Kuna bibi mmoja wa Nyamira aliyekuwa amekanda uvimbe wake kwa maji ya moto na chumvi mpaka ukapasuka, na alipofika kwetu hakukuwa na mfupa wa kupiga picha. Nilimwonea uchungu, na bado namwonea. Ndiyo sababu nilikuwa mkali kwenu mlipoharakisha kusoma.

Mashine kubwa ya kuzunguka ilipokuja, niliidharau. Mgonjwa anasimama, anaweka kidevu kwenye kishikizo, anauma kijiti cha plastiki, mashine inamzunguka kichwa kama inamtafuta, na taya zote mbili zinatokea kwenye kompyuta. Hakuna filamu, hakuna siki, hakuna kidole mdomoni. Nikamwambia Daktari Kemunto, daktari wetu wa meno, kwamba hii si kazi tena, ni kupiga picha ya pasipoti. Akacheka. Nisingecheka naye kama ningejua ni nani atakayesimama pale.

Binti yangu Kwamboka ameolewa na Mwalimu Ombati, anayefundisha shule moja mbele ya Nyamache. Posa yake ililetwa na Mama Bosibori, shemasi wa kanisa letu pale Nyanchwa. Yeye ndiye aliyekuwa mshenga, au esigani kama tunavyomwita sisi, yule anayepeleka maneno kati ya familia mbili mpaka ndoa isimame. Mama Bosibori ana mdomo. Siku ile aliisifu familia ya Ombati mpaka nikadhani ng'ombe wao wanajikamua wenyewe. Lakini hakusema uongo. Ombati ni mtu mpole, mchapa kazi, na tangu amwoe binti yangu hajawahi kunisemesha moja kwa moja zaidi ya salamu, akiwa amesimama mbali, macho chini. Mkwe mwenye adabu zake. Wapo watakaosema mwalimu mwenye digrii afanye nini na ensoni. Digrii haikuondoi kwa watu wako, na mimi nisingependa imwondoe.

Jumapili moja Kwamboka alikuja kunitembelea, tumbo limejaa, amebakisha muda mfupi kujifungua. Tulikuwa tunamenya maharagwe. Akaanza kumcheka mumewe.

"Mama, Ombati siku hizi amekuwa mzee. Anajinyoa ndevu, anajikata, damu inashuka mpaka kwenye kola, na hana habari. Mpaka nimwambie."

Mkono wangu ukasimama kwenye maharagwe. "Anajikata wapi?"

"Kidevuni. Hapa kushoto."

"Na mdomo wa chini?"

"Hata huo. Chai inamdondoka hajui. Kwani nini, Mama?"

"Tangu lini?"

"Tangu ang'olewe jino. Lile la pili."

"La pili! Ameng'olewa meno mawili? Na nani? Wapi?"

Kwamboka akainamisha kichwa. Kumbe taya lilikuwa likimuuma muda mrefu. Ameng'olewa jino la kwanza sokoni, bila picha, maumivu yakabaki. Akarudi akang'olewa la jirani yake, na shimo halikufunga.

"Kwa nini hakuja hospitalini kwetu?"

"Mama," akasema polepole, kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Wewe ndiye unayepiga picha."

Nilikasirika! Niliisukuma sinia ya maharagwe mpaka ikamwagika. Sikumkasirikia Ombati wala heshima yake. Nilikasirika kwa sababu mtu alikuwa anapoteza taya kwa kunistahi mimi, na mimi nipo mjini na mashine ya kuliona. Wenzangu, lishikeni hili hata mkisahau mengine yote: jino bovu huuma, halitii kidevu ganzi. Mtu ambaye kidevu chake kimekufa ganzi bila sindano na bila ajali, ana kitu ndani ya mfupa kinachokula mshipa wa fahamu. Usimtafutie mtu huyo dawa ya maumivu. Mtafutie picha, siku hiyo hiyo.

Nilimwambia Kwamboka ampeleke Kisumu. Jibu likaja kwa simu usiku huohuo: Mwalimu anashukuru, ataenda mitihani ikiisha. Mitihani! Brian, ambaye angempiga picha bila shida yoyote, alikuwa mafunzoni Nairobi, na Faith alikuwa bado hajaja kwetu. Asubuhi Daktari Kemunto akaniambia, "Mama Picha, usiwe na wasiwasi. Nitampiga mimi."

"Daktari, ile picha uliyopiga siku mimi na Brian hatukuwepo ilimkata mgonjwa kidevu. Na sisi hapa tunatafuta kidevu."

Akainua mikono. Hakubishana, maana alikuwa anajua ni kweli, na mimi nilikuwa najua kwamba kung'oa na kushona simwezi. Kila mtu na mahali pake. Basi nikakaa, nikafikiri. Mkwe wangu hawezi kunifungulia mdomo. Mimi siwezi kumshika kichwa. Maneno hayawezi kupita kati yetu. Na kwetu maneno yakishindwa kupita kati ya watu wa ndoa, kuna mtu ambaye kazi yake ni kuyapitisha. Nikampigia Mama Bosibori.

"Nilikuleteeni maneno ya furaha," akasema baada ya kunisikiliza. "Na ya taya nitayaleta." Akapanda boda boda mpaka shuleni kwa Ombati, akaingia chumba cha walimu bila hodi. Alichomwambia alinisimulia mwenyewe, kwa fahari: "Nilimwambia, Mwalimu, nilipokupeleka kwa watu wale nilisema wewe ni mzima. Usinifanye mwongo."

Kesho yake wakafika wote watatu. Kwamboka hakuruhusiwa kuvuka mlango kwa sababu ya mimba, akaketi kwenye benchi la nje. Ombati akasimama mbele ya mashine, akinipa mgongo. Mimi na Mama Bosibori tukakaa nyuma ya ukuta wenye dirisha la kioo cha risasi kinachozuia miale, na mlango mdogo ukabaki wazi ili sauti ipite.

"Mwambie avue tai na miwani," nikasema.

"Mwalimu! Mama anasema uvue tai na miwani. Na mimi naongeza, tai yenyewe imechakaa, nunua nyingine."

"Usiongeze, Mama Bosibori."

"Anasema nisiongeze."

"Mwambie aweke kidevu pale na aume kijiti kwa meno ya mbele, kwenye kile kijifereji."

"Uma kijiti, baba. Kwenye mfereji. Usikitafune, si muwa."

Mashine ile ina mistari ya taa nyekundu inayomwangukia mgonjwa usoni. Mmoja lazima ushuke katikati ya pua, mwingine upite chini ya jicho hadi sikioni. Kwa mgonjwa wa kawaida unamshika kichwa na kumweka sawa mara moja. Mimi nilikuwa na kioo cha ukutani mbele yake kilichonionyesha uso wake, taa, na Mama Bosibori.

"Ainue kidevu kidogo."

"Inua kidevu, Mwalimu, kama unaimba besi!"

"Amezidisha. Ashushe."

"Amesema umezidi kuringa, shusha!"

Nje, nilimsikia Kwamboka akicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Hata mabega ya Ombati yalitikisika, nikalazimika kungoja yatulie. Hatimaye taa ikakaa pale ninapoitaka. "Abandike ulimi juu. Asimeze. Asisogee." Mama Bosibori akayapitisha hayo, safari hii bila chumvi. Nikafunga mlango, nikabonyeza. Mashine ikaanza kuzunguka, na mshenga wangu akaanza kuomba kwa sauti. Nikamfinya. Akaendelea kuomba kimoyomoyo, lakini midomo bado inacheza.

Picha ikaanza kufunguka kwenye skrini. Mashimo ya yale meno mawili yalikuwa yakinitazama, hayajafunga, na jicho langu likakimbilia pale kama la mtu mwingine yeyote. Nikaweka kidole gumba juu yake. Brian huwa analalamika kwamba naichafua skrini. Nichafue tu.

Mizizi ya meno jirani, huku na huku, ilikuwa imezungukwa na nafasi nyeusi pana, sawasawa pande zote, kama meno yamevaa viatu vya mtu mkubwa. Ukuta wa mfereji wa mshipa wa fahamu ulikuwa umeliwa. Na kwenye ukingo wa chini wa taya, mahali pa mstari mmoja safi, kulikuwa na mfupa mpya ambao hakuna aliyeuomba, umekaa kama ukungu. Nilikuwa nimeona picha za namna ile za watu wengine. Hii ilikuwa ya baba wa mjukuu wangu.

"Vipi?" Mama Bosibori akanong'ona. Nikaenda kumwita Daktari.

Daktari Kemunto akaja. Bila kuambiwa, akaweka kidole gumba chake palepale, akasoma kutoka pembeni.

"Mama Picha, na wewe umeona?"

"Nimeona."

"Basi tunaanza leo."

Siku hiyo hiyo Daktari akakata kinyama kidogo kutoka lile shimo kikapelekwa maabara. Majibu yalipokuja hayakutushangaza: saratani ya mfupa, bado haijavuka taya. Daktari alimweleza Ombati yote, mimi nikiwa chumba cha pili na mlango wazi. Upasuaji Nairobi, sehemu ya taya itolewe, mfupa wa mguu uwekwe mahali pake, na dawa za mshipani. Kisha nikamsikia mkwe wangu akisema, kwa sauti yake ile ya adabu, kwamba amekubali, ila mtoto azaliwe kwanza.

Mama Bosibori akanitazama kupitia mlango. Nikamwambia, "Mwambie mtoto atazaliwa, awepo asiwepo. Mwanamke anajua kuzaa. Lakini hakuna mwanamke anayejua kumzalia mtoto baba wa pili. Aende kesho."

Nilingoja aongeze jambo. Hakuongeza hata neno. Alilipeleka vile vile nilivyolisema. Halafu nikasikia kiti kikisogea na Kwamboka akilia, na mkwe wangu akimwambia amfungashie nguo za safari.

Alikwenda. Mjukuu wangu alizaliwa baba yake akiwa wodini, na alimwona kwanza kwenye simu. Alirudi amekonda, kichwa hakina unywele, anatema maneno nusu nusu. Nilikuwa napita mbali na nyumba yao nikisikia akimsomea mtoto vitabu kwa sauti, akirudia neno moja mpaka likae sawa. Alirudi darasani. Wanafunzi wake wananiambia siku hizi anazungumza polepole, kwa hiyo wanamwelewa zaidi.

Picha za kumfuatilia zilipigwa na Brian, mimi nikazisoma. Kila mara kidole gumba kwenye skrini mpaka nifike pembe ya mwisho. Mpango huo ulitufaa sote, na ningestaafu nao bila manung'uniko.

Lakini siku yangu ya mwisho kazini, mkiwa mmeshakata keki na kuanza kuila bila mimi, simu ikalia. Mama Bosibori. Magoti yake hayamruhusu tena kupanda boda boda. "Mkwe wako yuko njiani," akasema. "Siku yake ya picha ni leo. Na amenituma neno. Anasema leo apigwe na mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Nyaboke, usinichoshe. Wewe!"

Ombati akaingia peke yake. Kwamboka alikuwa shambani na mtoto. Akasalimu kutoka mlangoni, macho chini, akaenda kusimama mbele ya mashine, akinipa mgongo. Nikaiweka simu mezani, sauti juu.

"Mama Bosibori, mwambie avue tai."

"Mwalimu, vua tai! Ulinunua mpya?"

"Mwambie aweke kidevu..."

Kimya. Nikaitazama simu. Mtandao wa Nyanchwa ulikuwa umefanya kazi yake ya kawaida. Nikapiga tena, haikushika. Tukabaki wawili kwenye chumba kile, mimi nyuma ya kioo, yeye mbele ya mashine, na hakuna mtu wa kupitisha neno.

Ombati akaweka kidevu chake kwenye kishikizo. Akauma kijiti kwenye kile kijifereji. Akainua kichwa kidogo, akakizidisha, akakishusha mwenyewe mpaka taa nyekundu ikapita chini ya jicho lake, sawasawa, kama nilivyopenda. Sikuwa nimesema neno. Nikafunga mlango, nikabonyeza.

Kwanza nikaona chuma walichomfungia tayani na skrubu zake, vimekaa kwa utulivu. Nikaweka kidole gumba juu yake na kuanza pembeni. Mfupa wa mguu ulikuwa umeshikana na mfupa wa taya. Ukingo ulikuwa mstari mmoja mweupe, haujakatika. Meno yaliyobaki yalikuwa na nafasi zao ndogo za kawaida. Nikarudia. Nikarudia tena, maana nilikuwa sitaki kukosea siku hiyo.

"Mama," sauti ikasema.

Nikainua kichwa. Bado alikuwa ameelekea mashine.

"Mama, mshenga amepotea. Niambie wewe."

Katika miaka yote hiyo nilikuwa sijamjibu swali hata moja.

"Ni safi, mwanangu," nikasema. "Pembe zote, ni safi."

Akacheka. Kicheko kikubwa, kimeinama upande mmoja, mdomo wazi kabisa na hakuna mkono uliouziba, nikakiona chote kwenye kioo cha ukutani. Nikageukia ukuta. Nadhani alifikiri ni ensoni. Nilikuwa nalia.

Simu ikalia mezani, na kwa kuwa mimi sikuweza, akaja akaichukua yeye.

"Haloo? Haloo! Nimekatikia wapi?" Mama Bosibori alikuwa anapiga kelele. "Amesema nini?"

"Mama anasema ni safi," mkwe wangu akamwambia. "Anasema pembe zote."